Penseli Nayo Ilitoka Kiwandani

Wanaosema kishikwambi kimeua mkono wa mchoraji huisifu penseli kana kwamba iliota shambani. Tangu karne ya 16 grafiti bora ilichimbwa Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza. Vita na Uingereza vilivyoanza mwaka 1793 vilipoikatia Ufaransa bidhaa hiyo, mvumbuzi Nicolas-Jacques Conté aliagizwa atafute mbadala. Alisaga grafiti hafifu ikawa unga, akaukanda na udongo wa mfinyanzi, akauchoma tanurini. Mwaka 1795 akapata hataza. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari hufifia. Ukipungua, huwa laini na mstari hukolea. Mtoto anayechagua leo kati ya HB na 2B anafaidi ufundi wa tanuri, uliozaliwa na uhaba wa vita.

Zana hubadilika; kinachodumu ni jicho lililofundishwa. Mchoraji David Hockney, aliyezaliwa Bradford, Uingereza, mwaka 1937, aliingia chuo cha sanaa cha mji huo mwaka 1953, akakaa miaka minne akichora kwa kutazama, hasa mwili wa binadamu. Mwaka 2009, akiwa amevuka miaka 70, alianza kuchora kwenye simu kwa kidole gumba, na mwaka uliofuata akahamia iPad. Mwaka 2012, katika Royal Academy ya London, michoro yake 51 ya iPad ilichapwa kwa ukubwa na kutundikwa pamoja na mchoro wa rangi ya mafuta wa turubai 32, yote ikionyesha majira ya kuchipua yakiwasili Woldgate, huko Yorkshire. Skrini ilimpa wepesi wa kuiwahi nuru ya alfajiri bila kungoja rangi ikauke. Kujua kivuli cha mti kinaangukia wapi alikuja nako.

Wapo wanaodai kwamba kufuta kwa mguso mmoja kunamlemaza mwanafunzi. Lakini kufuta si jambo geni: kabla ya raba, ambayo mwanasayansi Joseph Priestley aliielezea mwaka 1770, watu walifuta kwa mkate. Hoja nzito zaidi ni kwamba kioo hakina ukinzani wa karatasi, na hapo nakubali kabisa: mtoto aanzie kwenye karatasi, mkono ujifunze uzito wake. Hata hivyo, skrini ina zawadi ambayo karatasi haikuwahi kutoa. Mchoro wa Rembrandt hutuonyesha mistari yote kwa pamoja, tukabaki kukisia upi ulitangulia. Michoro ya iPad ya Hockney huweza kurudiwa kama filamu, mstari kwa mstari, na mwanafunzi akaona bwana alipoanzia, alipobadili nia, na alipoamua inatosha.