Nyanya inataka udongo wa namna gani?

Swali la nyanya kuoza kitako linatufikia kila msimu, na karibu kila msikilizaji anaulizia dawa ya kupulizia. Hapo dawa haisaidii. Tunda linaoza kitako kwa kukosa madini ya kalisi, na mara nyingi chanzo ni maji yasiyo na mpangilio: leo mche umelowa chepechepe, kisha siku tatu unakaa mkavu.

Kurasini, kama maeneo mengi ya Temeke, ina mchanga wa pwani. Mizizi inapumua vizuri, ila maji yanapita haraka na mbolea inazama nayo. Changanya samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa mita nne za mraba. Mbolea mbichi ya kuku inaunguza mizizi, iache ioze kwanza. Tandaza nyasi kavu, mwagilia kwa kiasi na bila kuruka siku za jua kali. Maji ya kisima yaonje. Yakiwa na chumvi, nyanya itadumaa hata ukiweka mbolea gani.

Mlioko bonde la Mto Kizinga mna udongo mzito. Chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yakiisha jaza tena. Yakibaki hadi kesho yake, panda kwenye matuta.

Nyanya hupenda pH ya 6.0 hadi 6.8. TARI Mlingano, Tanga, na SUA, Morogoro, hupima udongo. Usimwage chokaa kabla ya kupima, maana udongo wa pwani wenye mawe ya matumbawe tayari una chokaa.

Kinachotia hasara kubwa ni mnyauko bakteria. Mche unalegea ghafla ukiwa bado kijani. Kata shina karibu na ardhi, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ndio wenyewe, na hauna dawa. Ng'oa mche, uchome. Hapo usirudishe nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka mitatu au zaidi. Panda mahindi.

Na asiye na pa kuhamia? Kurasini mko wengi, viwanja vimebanwa na maghala na bandari. Tumia viroba au ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, mche mmoja kila ndoo, kwa udongo ulioletwa kutoka mahali pasipowahi kuota nyanya. Jembe lililochimba penye ugonjwa lioshwe kwanza.