Boğazkale: kijiji cha wakulima pembeni ya muji wa kale wa Wahiti

Wasomaji wa Biblia wanamukumbuka Uria Muhiti, askari wa mufalme Daudi. Kwa mamia ya miaka watu wengi walijua jina la Wahiti kupitia Biblia tu. Leo tunajua kama kulikuwa ufalme mukubwa wa jina hilo, na muji wake mukuu, Hattusha, ulikuwa ndani ya inchi tunayoiita sasa Uturuki. Pembeni ya mabomoko ya muji huo kuko makao madogo ya wakulima na wafugaji: Boğazkale (soma karibu kama «Boazkale»). Mutu akitaka kuona Hattusha, anapita kwao kwanza.

Namna ya kufika

Boğazkale iko katika jimbo la Çorum, karibu kilometa 200 mashariki ya Ankara. Musafiri anapanda basi mpaka Sungurlu, kwenye barabara kubwa, kisha anatafuta basi ndogo ao taksi kwa kilometa karibu 30 zinazobaki. Ni inchi ya milima, yenye mashamba ya ngano na makundi ya kondoo. Wakati wa baridi theluji inafunika kila kitu, ndiyo maana wageni wengi wanakuja kati ya mwezi wa tano na mwezi wa kumi.

Kinachoonekana

Hattusha ulikuwa muji mukuu kuanzia karibu mwaka wa 1650 mpaka karibu mwaka wa 1180 mbele ya Yesu Kristo. Ukuta wake ulizunguka muji kwa kilometa zaidi ya 6. Milango mitatu inajulikana sana: Mulango wa Simba, Mulango wa Mufalme, na Mulango wa Sfinksi, ni kusema sanamu yenye mwili wa simba na kichwa cha mutu. Chini ya mulango huo wa tatu kuko njia ya mawe yenye kupita ndani ya udongo, urefu wake karibu metre 70. Mugeni anaipita kwa miguu mpaka leo.

Usifikiri kama muji wote ulikuwa wa mawe. Mawe yalikuwa ya musingi. Juu walijenga kwa matofali ya udongo na majani makavu, yenye kukaushwa na jua. Kati ya 2003 na 2005, wachimbaji Wajerumani walijenga upya kipande cha ukuta cha metre 65 kwa namna ileile ya zamani, ili watu waone ulivyokuwa.

Karibu na hapo kuko Yazılıkaya, mahali pa ibada kati ya miamba mirefu, bila paa. Kwenye ukuta wa mwamba walichonga miungu yenye kufuatana kama watu kwenye maandamano. Katika chumba kidogo kuko miungu 12 kwenye mustari mumoja, mapanga begani. Wakati jua linapiga kwa upande, michoro inaonekana vizuri.

Udongo wenye kusema

Mufaransa Charles Texier alifika kwenye mabomoko haya mwaka wa 1834, lakini hakujua ni muji gani. Jibu lilikuja mwaka wa 1906, wakati Hugo Winckler na Theodor Makridi walianza kuchimba na kukuta vibao vya udongo vyenye maandishi. Mpaka leo vibao na vipande vyake ni karibu 30 000. Mwaka wa 1915, mwalimu Mucheki Bedřich Hrozný alifaulu kuelewa luga ya Wahiti. Neno moja lililomusaidia lilikuwa «watar»: maana yake ni maji.

Kati ya vibao hivyo kuko mapatano ya amani kati ya mufalme Hattushili wa Tatu na farao Ramses wa Pili wa Misri, ya karibu mwaka wa 1259 mbele ya Yesu Kristo. Inchi hizo mbili zilikuwa zimepigana kule Kadesh miaka karibu 15 mbele. Waliapa kutoshambuliana tena, kusaidiana kama adui mwengine anakuja, na kurudishiana watu waliokimbia, huku wakikatazwa kuwaumiza watu hao. Mufano wa kibao hicho unawekwa kwenye makao makuu ya ONU, New York.

Sfinksi iliyorudi nyumbani

Mwaka wa 1917, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, sfinksi mbili za Hattusha zilipelekwa Berlin, pamoja na maelfu ya vibao, ili zisafishwe na kutengenezwa. Moja ilirudi Uturuki mwaka wa 1924. Ya pili ilibaki Berlin, ndani ya ukuta wa museyo. Vibao elfu saba na zaidi vilirudi mwaka wa 1987; sfinksi, hapana. Uturuki iliendelea kuidai, mpaka waziri wake wa utamaduni akasema wazi: kama hairudi, Wajerumani wanaweza kupoteza ruhusa ya kuchimba Hattusha. Mwaka wa 2011 ilirudishwa.

Haikubaki Ankara wala Istanbul. Iliwekwa katika museyo ndogo ya Boğazkale, pamoja na mwenzake. Kwa wakaaji jambo hilo ni kubwa: kwa vizazi vingi wanaume wa hapa wamefanya kazi ya kuchimba, na vitu walivyovitoa kwenye udongo vilienda mbali. Sasa mutoto wa kijiji anaweza kuviona bila kusafiri.

Kwa nini muji ulikufa

Hattusha uliachwa polepole. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 2023, kwa kusoma miviringo ndani ya miti ya kale, ulionyesha ukame mukali kati ya 1198 na 1196 mbele ya Yesu Kristo: miaka mitatu yenye kufuatana. Wahiti walikuwa na gala kubwa za nafaka, hata walijenga mabwawa. Moja bado linaonekana karibu na Alacahöyük, eneo lingine la kale lisilo mbali. Lakini gala inaweza kushinda mwaka mumoja mubaya. Mitatu, hapana.

Ukifika kama mugeni

Utakaribishwa chai, katika gilasi ndogo, bila maziwa. Vua viatu mulangoni mwa nyumba. Ukipita karibu na mutu mwenye kufanya kazi, sema «kolay gelsin»: ni kama vile sisi tunasema «pole na kazi». Lala usiku mumoja kijijini, chukua mutu wa hapo akuongoze. Hivyo feza yako inabaki na wakaaji. Kando ya njia utakuta wanauza sanamu ndogo walizochonga wenyewe. Hizo unaweza kununua.

Lakini usiokote kitu chini, hata kipande cha chungu kilichovunjika. Sheria ya Uturuki inakataza kabisa kutosha vitu vya kale katika inchi, na kijiji hiki kinajua sababu: sfinksi yao ilienda kutengenezwa tu, na ilichukua miaka 94 kurudi.