Wageni wa Waya

Tangu Agosti 2022, Serikali ya Zanzibar na kampuni ya Wasoko walipotangaza mpango wa Silicon Zanzibar, makampuni ya teknolojia yanaalikwa yahamie Fumba pamoja na wafanyakazi wao, kwa ahadi ya vibali vyepesi. Barazani kwetu Malindi jambo hili huzungumzwa kana kwamba kisiwa kimezinduka jana. Mimi, fundi wa simu mstaafu, naona lina babu na bibi.

Babu ni forodha. Sultani Seyyid Said alipokuwa akihamishia makao yake hapa kutoka Maskati, alihitaji watu wenye mtaji na daftari za hesabu. Mkataba wake na Marekani wa 1833 uliweka ushuru wa bidhaa zinazoingia kuwa asilimia 5, basi. Kazi ya kukusanya akaikodisha kwa Jairam Shivji, mfanyabiashara mwenye asili ya Kachi. Mhindi aliyeteremka na marobota yake alikuta forodhani mtu wa kwao, anayejua lugha yake na hesabu yake. Ndiyo maana walikuja, wakajenga, wakazikana hapa. Ufukwe haukumvuta yeyote kati yao. Walivutwa na karani asiyewazungusha.

Bibi ni waya wa simu, na ndiye nimpendaye zaidi, maana ni wa kazi yangu. Januari 1879 Wazulu waliwashinda Waingereza Isandlwana, na habari ikachukua karibu wiki tatu kufika London, kwa kuwa huko kusini waya ulikuwa haujafika. Kabla mwaka haujaisha, mkongo wa kampuni ya Eastern and South African Telegraph ulikuwa umelazwa kutoka Aden, ukagusa Zanzibar, ukashuka Msumbiji mpaka Durban. Sisi hatukuuomba. Tulikuwa njiani tu. Makarani wakaja na mashine zao, na kisiwa cha Bawe, pale mbele ya Mji Mkongwe, kikawa kituo cha waya. Jengo la simu la baadaye lipo hadi leo Shangani. Sasa ni hoteli ya Serena. Mwajiri yuko London, kiti kiko Zanzibar: hawa wa Fumba wamewakuta wenzao wa zamani.

Ila waya haukuleta makarani peke yao. Agosti 25, 1896, Sultani Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kasri kushika kiti chake bila idhini ya Waingereza. Basil Cave, aliyeshika nafasi ya balozi wao, akapeleka simu London kuuliza kama anaruhusiwa kuipiga kasri mizinga. Kesho yake ruhusa ikawa mkononi. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zilifyatua kwa muda usiofika saa nzima, na upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Enzi za barua za meli, Khalid angekaa kitini wiki kadhaa kabla London haijasikia hata jina lake. Waongoza watalii wanapenda kuhesabu dakika za vita ile. Simu ya Cave hawaitaji.

Fumba nayo waya inaujua. Umeme kutoka bara huvuka bahari kutoka Ras Kiromoni na kutua Ras Fumba tangu 1980. Mei 2008 njia hiyo iliharibika, tukakaa gizani karibu mwezi. Desemba 2009 ikaharibika tena, safari hii miezi mitatu. Darajani jenereta zilinguruma hata hatusikiani bei, na mabomba yalikauka kwa sababu pampu za maji nazo hula umeme. Waya mpya wa megawati 100 ulikamilika 2013. Bila huo, sijui nani angethubutu kumwalika hapa mtu anayekula kwa kompyuta.

Mtoto wa dada yangu anaandika programu za kampuni ya Nairobi, akiwa chumbani kwake Kikwajuni.

"Mjomba, hao wanaombwa wahamie," aliniambia. "Mimi nipo tayari, mbona siombwi kitu?"

Sikuwa na la kumjibu. Akaniuliza lililokuwa likimsumbua kweli: kwa nini umeme ukatike kwake tu, na mtaa wa pili unawaka? Hilo nililiweza. Nikamwambia njia kubwa inatoka Fumba inakuja Mtoni, na kuanzia hapo ndipo umeme unagawanywa. Kwa hiyo asiangalie baharini, aangalie transfoma iliyo nyuma ya nyumba yao.