Kutoka Nyota za Manahodha Hadi Simu ya Dereva

Ukimuuliza mzee wa Kinondo njia ya kwenda kwa fulani, atakwambia: shika hii, ukifika penye mbuyu kata kushoto, hapo uliza. Kijana wa leo hutoa simu tu. Je, washawahi kujiuliza hiyo simu yajuaje mahali ulipo?

Watu wa pwani hii hawakuanza jana kutafuta njia kwa kutazama juu. Manahodha wa majahazi walifuata kusi na kaskazi, na usiku walipima kimo cha nyota kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa karne ya 15, aliiandika elimu hiyo vitabuni. Wengi husema ndiye aliyemuongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, lakini wanahistoria wengi hawalikubali hilo.

Nyota za sasa zimeundwa na binadamu. Mwaka 1978 jeshi la Marekani lilirusha setilaiti ya kwanza ya GPS, na nia yake ilikuwa vita, si matatu wala teksi. Setilaiti hizi huzunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, kila moja na saa yake ya atomiki. Hutangaza saa hiyo, na simu yako hupima tangazo limechukua muda gani kufika. Ikizisikia nne, yajua ulipo. Saa ikikosea milioni moja ya sekunde tu, hesabu yapotea mita 300!

Basi ilitokaje jeshini ikamfikia dereva? Kwanza kulitokea msiba. Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga ya Umoja wa Kisovieti ikatunguliwa, wakafa watu wote 269. Rais Reagan akatangaza kwamba mfumo ukikamilika, raia wa dunia nzima watautumia bure. Ulikamilika 1995, lakini ishara za raia zilivurugwa makusudi, kosa likafika hadi mita 100. Kwa meli katikati ya bahari hilo si neno, lakini kwa dereva anayetafuta kichochoro ni balaa. Mei 2000 Rais Clinton akaamuru uvurugaji ukome, na kwa usiku mmoja kosa likashuka hadi mita 20 hivi. Hapo vile vidude vya kubandika kwenye kioo cha gari vikapata soko Ulaya na Marekani.

Sisi Kenya wengi wetu tuliviruka, tukaingia kwenye simu moja kwa moja. Google Maps ilianza 2005, na kuanzia 2011 simu za bei nafuu zenye GPS zikaingia madukani. Uber ilipoanza Nairobi mwaka 2015, na Mombasa mwaka uliofuata, ramani ikawa chombo cha kazi kwa dereva, kama usukani.

Lakini sikiliza hapa, kijana mwenzangu. Setilaiti haijui majina. Yatoa nambari tu. Njia na majina huandikwa na watu. Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani hadi 2009, vijana wake walipotembea na vipokezi vya GPS mkononi, wakachora vichochoro, maji, shule na zahanati, wakaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure kwa wote. Hawakungoja mtu.

Na kwetu je? Hoteli za Diani zina watu wa kuzitangaza. Njia ya kwenda kwa bibi yako ataiandika nani? Gari la wagonjwa likiitwa usiku laweza kuishia kwenye lami, manake dereva haoni pa kuingilia. Na usipoandika wewe, atakuja mgeni akupachikie jina lake.

Ila kabla ya kuandika, kaa na wazee. Wao ndio wajuao jina la kila kisima, na ndio watakaokwambia kipi hakiandikwi. Kaya Kinondo iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini ndani yake huingii kwa kufuata simu. Waomba ruhusa kwanza.