Urithi katika kushindwa mapema kwa ovari

Kushindwa mapema kwa ovari ni hali ambayo ovari (vifuko vya mayai) za mwanamke hupunguza au huacha kazi yake kabla hajatimiza umri wa miaka 40. Hedhi huruka miezi au hukatika, homoni ya estrojeni hupungua, na kupata mimba huwa vigumu. Hata hivyo si sawa na kukoma hedhi kwa kawaida: wanawake 5 hadi 10 hivi kati ya 100 wenye hali hii hushika mimba baadaye bila matibabu.

Chanzo chaweza kuwa matibabu ya saratani, upasuaji, au kinga ya mwili kushambulia ovari. Mara nyingi hakijulikani. Lakini hali hii huonekana zaidi katika koo fulani, na hapo kromosomu X ndiyo inayohusika hasa. Katika sindromu ya Turner kromosomu X moja hukosekana, yote au sehemu, na mayai huisha mapema sana, ingawa kwa kawaida kasoro hiyo hairithiwi.

Jeni ya kurithiwa inayojulikana vizuri zaidi ni FMR1, iliyotambuliwa mwaka 1991. Ndani yake herufi CGG za DNA hurudiwa, kwa watu wengi mara 30 hivi. Kati ya wanawake wenye marudio 55 hadi 200, takriban 1 kati ya 5 hupatwa na hali hii. Ajabu ni kwamba walio hatarini zaidi ni wenye marudio 70 hadi 100 hivi, si wenye mengi kupita hao. Yakizidi 200, jeni huzimika na kuleta ugonjwa wa X dhaifu, ambao husababisha ulemavu wa akili, hasa kwa wavulana.

Baba humpa kila binti yake kromosomu yake ya X. Kwa hiyo kumwuliza mgonjwa mama yake alikoma hedhi lini hakutoshi. Habari za shangazi zina uzito uleule. Tena, jeni ikitoka kwa mama, marudio huweza kuongezeka. Mwanamke aliyeambiwa hatazaa, kisha akashika mimba bila kutarajia, anaweza kumzaa mtoto mwenye X dhaifu. Ndiyo maana mwenye hali hii hushauriwa kupimwa FMR1. Jeni ikikutwa na mabadiliko hayo, dada zake nao hushauriwa kupimwa, wakati mayai yao bado yapo.