Jinsi Malengelenge ya Sehemu za Siri Yanavyotambuliwa

Leo tutazungumza juu ya hepesi, yaani malengelenge ya sehemu za siri, na jinsi madaktari walivyojifunza kuyatambua.

Mwaka 1736 daktari Mfaransa, Jean Astruc, aliandika habari za malengelenge hayo. Hakuwa na chombo ila macho yake, na macho hudanganyika: kidonda cha hepesi chaweza kufanana na cha kaswende.

Baadaye Mjerumani Wilhelm Grüter alichukua ugonjwa huu katika jicho la mtu akautia katika jicho la sungura, na sungura akaugua. Alichapisha habari hizo mwaka 1920. Lakini nani atamfugia kila mgonjwa sungura wake? Mwaka 1947 Arnault Tzanck, daktari wa Paris, alieleza njia nyepesi: kwangua chini ya lengelenge, paka juu ya kioo, tia rangi, tazama kwa hadubini. Ukiona chembe kubwa zenye viini vingi, virusi vimefanya kazi. Kasoro yake ni kwamba virusi vya tetekuwanga hufanya vivyo hivyo.

Mwaka 1962 Schneweis, Mjerumani, alionyesha kuwa virusi vya hepesi ni vya namna mbili. Namna ya kwanza hupenda mdomo, ya pili sehemu za siri. Walakini hata ya kwanza hushuka huko.

Siku hizi kidonda hupanguswa kwa pamba, na vinasaba vya virusi huzidishwa mpaka vionekane, kwa njia ya PCR aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983. Nenda kidonda kingali kibichi. Kikikauka, virusi vyaweza kukosekana.

Sasa damu, na hapa ndipo nyumba huvunjika. Kipimo cha damu hakitafuti virusi, bali kingamwili, ambazo huchukua wiki kadhaa kutokea. Chaweza kuonyesha kuwa mtu aliambukizwa. Hakisemi lini, wala na nani. Huenda mtu alivibeba miaka mingi kabla ya ndoa bila dalili. Tena, jibu dhaifu la namna ya pili mara nyingi huwa la uwongo, hivyo lapasa kuhakikishwa kwa kipimo kingine. Ndiyo maana CDC, idara ya Marekani ya kuzuia magonjwa, haishauri kupima damu za watu wote wasio na dalili.

Basi ukipewa karatasi hiyo, mwulize daktari ni kipimo gani kilichotumika na jibu lilikuwa na nguvu kiasi gani, kabla hujamwita mwenzako kumhoji.