Asili ya Ibada ya Masomo Tisa

Kila tarehe 24 Desemba, saa tisa alasiri kwa saa za Uingereza, mvulana mmoja huimba peke yake, bila kinanda, katika kanisa la King's College mjini Cambridge. Waliomo kanisani hunyamaza kimya. Wasiomo, nao ni wengi kupita kiasi kuliko waliomo, humsikiliza kwa redio, na katika miaka hii ya karibuni kwa intaneti pia. Asikiaye kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ibada hiyo ni ya kale sawa na mawe ya kanisa lenyewe. Mawe ni ya kale kweli: ujenzi ulianza mwaka 1446 kwa amri ya Mfalme Henry wa Sita, na dari ya mawe ikakamilika mwaka 1515. Lakini ibada haikuanza mahali hapo ila mwaka 1918. Nyumba ni ya kale; mwenyeji aliyemo ni wa juzi.

Yafaa basi kuuliza: jambo changa kiasi hiki lilipataje sura ya ukale, na kwa nguvu gani limesafiri hata kufika katika nchi nyingi na lugha nyingi? Jawabu lisemwalo mara nyingi ni muziki. Sikatai kuwa muziki wa Cambridge ni mzuri. Lakini historia ya ibada hii yaonyesha kuwa nguzo yake ni maneno: masomo tisa ya Maandiko, mpangilio wake, na mpangilio wa watu wayasomao. Nguzo hiyo ikikatwa, kinachobaki ni tamasha la nyimbo, na matamasha ya nyimbo hayana uhaba duniani.

Asili ya ibada yapatikana Truro, katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Dayosisi ya Truro iliundwa mwaka 1876, na mwaka uliofuata Edward White Benson akawa askofu wake wa kwanza. Mwaka 1880 mawe ya msingi ya kanisa kuu jipya yaliwekwa, na wakati wa ujenzi waumini walisali katika jengo la mbao la muda. Katika jengo hilo, si katika fahari ya mawe, ndimo ilimosomwa ibada ya masomo tisa kwa mara ya kwanza, tarehe 24 Desemba 1880, saa nne ya usiku. Wazo lenyewe lasemekana kuwa lilitoka kwa George Walpole, padri kijana aliyehudumu pale, na Benson akalitengeneza.

Benson alikuwa mwanachuoni, naye alijua kuwa katika sala za usiku za Kanisa la zamani sikukuu kubwa zilikuwa na masomo tisa, na baada ya kila somo uliimbwa wimbo wa kuitikia. Alichukua umbo hilo la kale akalijaza nyimbo za Krismasi. Nyimbo hizi hazikuwa na heshima kubwa makanisani wakati ule. Zilikuwa mali ya barabarani na majumbani. Waimbaji walikwenda nazo mlango hadi mlango usiku wa mkesha. Husimuliwa pia kuwa Benson alitaka kuwapa watu wa Truro mahali pengine pa kwenda usiku huo badala ya vilabu vya pombe. Iwe hivyo au isiwe, tendo lenyewe lilikuwa la busara: aliupa wimbo wa mtu wa kawaida kiti kanisani, kando ya Neno.

Jambo la pili alilolifanya ni kubwa zaidi, ingawa hutajwa kwa uchache. Aliamuru masomo yasomwe na watu tisa, kuanzia mtoto wa kwaya, kupanda daraja kwa daraja, hata kuishia kwa askofu. Katika hadhara nyingi za wanadamu mkubwa hutangulia na mdogo hufuata. Hapa mdogo ndiye afunguaye kinywa kwanza, na askofu hana budi kungoja zamu yake, akisikiliza watu wanane walio chini yake. Sikukuu yenyewe ni ya mtoto aliyezaliwa mahali pa unyonge. Mpangilio wa wasomaji wayahubiri hayo kabla mhubiri hajafunua kinywa. Waama, ibada hii haina mahubiri hata kidogo, wala haiyahitaji.

Mwaka 1883 Benson alihamishiwa Canterbury akawa Askofu Mkuu, na ibada yake ikaanza kuenea katika makanisa mengine. Lakini huenda ingalibaki desturi ya wachache lau si kijana mmoja aliyerudi kutoka vitani. Eric Milner-White, aliyezaliwa mwaka 1884, alikuwa amesoma King's College, kisha akawa padri wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1918, akiwa na umri wa miaka 34, alirejea chuoni kuwa msimamizi wa kanisa. Vita ilikoma tarehe 11 Novemba. Siku 43 baadaye, mkesha wa Krismasi, aliisimamisha ibada ya masomo tisa katika kanisa la chuo.

Hapana budi tuifikirie hali ya watu waliokuwa wamekaa vitini siku ile. Vijana wengi waliosoma chuoni walikuwa wamekufa Ufaransa na kwingineko. Baadhi ya mama na baba zao hawakujua hata walipozikwa. Milner-White mwenyewe alikuwa ameona vifo hivyo kwa macho yake, na alikuwa ameamini kuwa sala zilizozoeleka hazitoshi tena kubeba msiba wa namna ile. Kwa hiyo alitunga sala ya kufungulia ibada. Sala hiyo yawakumbuka maskini, wenye njaa na baridi, walioonewa, wagonjwa, wafiwa, wazee na watoto. Mwisho yawataja waliokwisha kufa, kuwa nao wanafurahi pamoja na walio hai, ila wako ng'ambo nyingine, penye nuru iliyo kubwa zaidi. Leo sala hiyo husifiwa kwa uzuri wa maneno. Mwaka 1918 kila neno lake lilikuwa na jina la mtu na sura yake.

Mwaka uliofuata, 1919, Milner-White aliyapanga upya masomo, na tangu mwaka huo ibada hufunguliwa kwa wimbo uitwao Once in Royal David's City. Maneno yake yalitungwa na Cecil Frances Alexander kwa ajili ya kuwafundisha watoto, yakatoka mwaka 1848, na tuni ni ya Henry John Gauntlett. Ubeti wa kwanza huimbwa na mtoto mmoja. Hivyo sauti ya kwanza kusikika katika kuimba ni ya mtoto, na sauti ya kwanza katika kusoma ni ya mtoto pia.

Tuyatazame masomo yenyewe. La kwanza latoka Mwanzo 3: Adamu amejificha, naye aulizwa alipo. La pili ni ahadi aliyopewa Ibrahimu katika Mwanzo 22. La tatu na la nne ni maneno ya Isaya, sura ya 9 na ya 11, juu ya mtoto atakayezaliwa na juu ya amani itakayofika hata kwa wanyama. Kisha Luka aeleza habari ya malaika kwa Mariamu, kuzaliwa kwa Yesu, na wachungaji; Mathayo aleta mamajusi kutoka mashariki; na Yohana 1 yafunga yote kwa siri ya Neno aliyefanyika mwili. Hiki ni kisa kimoja chenye mwanzo, kati na mwisho. Mtu apotea, mtu aahidiwa, ahadi yangojwa, ahadi yatimizwa, kisha maana ya yote yafunuliwa. Ukiondoa Mwanzo 3, hujui kwa nini mtoto alihitajiwa. Ukiondoa Isaya, hujui ni kwa muda gani alingojwa. Ukiondoa Yohana, hujui alikuwa nani.

Hapa pana ushahidi wa madai yangu. Nyimbo za ibada hii hubadilika kila mwaka, na tangu mwaka 1983 chuo humwomba mtunzi aliye hai atunge wimbo mpya kwa ajili yake. Waongozaji wa kwaya nao wamepita: Arthur Henry Mann, Boris Ord, David Willcocks, Philip Ledger, Stephen Cleobury, na sasa Daniel Hyde. Kila mmoja aliacha sauti yake. Masomo hayakubadilika ila kidogo tangu 1919. Milner-White mwenyewe alieleza kuwa nguvu ya ibada hutoka katika masomo, wala si katika muziki. Kibadilikacho ni vazi. Kidumucho ni mwili.

Idhaa ya BBC iliitangaza ibada hii kwa mara ya kwanza mwaka 1928, na tangu hapo haikukosekana redioni ila mwaka 1930. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vioo vya kale vya madirisha vilikuwa vimeondolewa kwa kuogopa mabomu, na kanisa lilikuwa na baridi kali; jina la chuo halikutajwa redioni ili adui asijue mahali. Mwaka 1954 televisheni nayo ikaingia kanisani. Kisha mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, ibada ikafanywa bila waumini ndani, watu wote wakiwa wasikilizaji wa mbali. Swali lililokuwapo tangu 1928 likawa kali zaidi: aliyeketi nyumbani na chombo chake, je, yumo katika ibada, au anatazama ya wengine?

Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tuna mahali pa kusimama tulijibu swali hili. Kwanza, umbo la kusoma na kuimba kwa zamu si geni kwetu. Katika maulidi, wasomaji hupokezana sehemu za Barzanji, na kati ya sehemu hizo kasida huimbwa. Na kisomo kifikapo kuzaliwa kwa Mtume, wote husimama. Cambridge nako watu husimama lifikapo somo la tisa. Dini ni mbali mbali na itikadi ni mbali mbali, lakini wote wawili wamefahamu kuwa kisa kitakatifu husomwa, na wimbo humpa msikilizaji nafasi ya kukiitikia.

Pili, Cambridge na Unguja zina uhusiano wa kweli. Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge, na kutokana na wito wake ikazaliwa misheni ya vyuo vikuu, iliyohamia Unguja mwaka 1864. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa mahali pale. Ibada ya kwanza ndani yake ilifanywa siku ya Krismasi ya 1877, miaka mitatu kabla ya ile ya Truro. Edward Steere, aliyelijenga, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuyatia Maandiko katika Kiswahili cha Unguja. Alikufa mwaka 1882. Biblia nzima ikatoka mwaka 1891, na ile ya umoja ikatoka mwaka 1952. Pasipo kazi hiyo, masomo tisa yasingalisomeka kwetu kwa lugha inayoeleweka.

Tukiweka masomo na nyimbo katika mizani ya Kiswahili, twaona jambo la ajabu. Masomo yamevuka bahari salama. Nyimbo zimevuka zikichechemea. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mishororo mingi ya nyimbo za Kiingereza huishia kwa silabi yenye mkazo, na tuni zake zikafuata. Mfasiri atiapo Kiswahili katika tuni ile, noti yenye nguvu huangukia silabi isiyo na mkazo, na neno «mtoto» huimbwa kana kwamba mkazo wake uko mwisho. Sikio la mwenye lugha huumia, ingawa kwa heshima hunyamaza. Lakini Isaya akisomwa kwa Kiswahili na msomaji hodari, hakuna sikio liumialo.

Hata hivyo, twafanya kinyume. Niliwahi kuhudhuria ibada ya namna hii katika chuo kimoja ambapo masomo yalipunguzwa yakawa matatu ili kwaya nyingi zipate nafasi, na wasomaji wote watatu walikuwa wakubwa wa mahali pale. Siku chache baadaye nyimbo zikawekwa katika intaneti moja moja, na masomo hayakuwekwa kabisa. Watu walifurahi, wala siwalaumu kwa furaha yao. Lakini uzi ulikuwa umekatika, na shanga zikabaki kila moja peke yake. Chombo hakikuwa na kosa. Redio ya 1928 ilipeleka masomo yote tisa, na intaneti yaweza kufanya vivyo hivyo. Kosa lilikuwa letu, sisi tuliochagua cha kupeleka.

Kwa hiyo swali la mwenye kuketi nyumbani lapata jawabu hapa. Akipewa kisa kizima, kutoka bustanini hata kwa Neno aliyefanyika mwili, yumo ibadani, awe Cambridge au Korogwe. Akipewa vipande, ni mtazamaji hata akiketi kiti cha mbele. Mwanafunzi atakayeombwa kuiandaa ibada hii mwaka ujao aanze na masomo, yote tisa. Atafute watunzi wa kwetu wa kuyaitikia kwa tuni zifuatazo mkazo wa lugha yetu. Na msomaji wa kwanza kumchagua awe mtoto. Askofu ataweza kungoja.